Mjadala: Kiwango cha aseniki kwenye maji ya Bangladesh kibaki maikrogramu 50 kwa lita au kishuke hadi 10?

Wadau, hili linabishaniwa Bangladesh kwa miaka mingi. Msimamo wangu nautaja mapema: kishuke.

Kwa asiyefahamu, kuanzia miaka ya 1970 serikali, UNICEF na wafadhili wengine walihimiza visima vya pampu ya mkono vijijini ili watu waachane na maji ya madimbwi, yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema, ila aseniki, ambayo ni sumu ya asili, haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kupimwa. Mwaka 1993 ikathibitishwa kuwa imo, na inatoka kwenye mashapo ya mito yaliyoko chini ya ardhi, si kiwandani. Haina rangi, ladha wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi. Mtu hunywa miaka na miaka ndipo viganja vikakakamaa, ngozi ikatoka madoa, na wengine wakaishia na saratani ya ngozi, kibofu au mapafu.

Visima karibu milioni 5 vikapimwa na kupakwa rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Mpaka ukawa maikrogramu 50 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri 10 tangu 1993. Hapa ndipo panaponiuma. Utafiti wa kitaifa wa 1998 na 1999 ulikuta asilimia 27 ya visima vifupi vimezidi 50, na asilimia 46 vimezidi 10. Piga hesabu: karibu kisima kimoja kati ya vitano kimezidi 10, lakini kwa mpaka wa 50 ni cha kijani. Mama anayechota pale hajakaidi ushauri wa mtu. Ameufuata.

Wanaotetea 50 wana hoja mbili. Kwanza, vifaa vya kupimia kijijini vinayumba kwenye viwango vya chini. Hilo nalikubali, maabara zinahitajika. Pili, wanasema karibu nusu ya visima vikiwa vyekundu, watu watarudi madimbwini na kipindupindu kitawamaliza. Hii siikubali. Visima viwili vya kijiji kimoja, hatua chache tu kati yake, vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo mara nyingi kisima salama kipo kwa jirani. Na visima virefu, vya zaidi ya mita 150, kwa sehemu kubwa ni salama. Tatizo ni vinakochimbwa: mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza jinsi wanasiasa walivyovielekeza kwa jamaa na wafuasi wao. Kushusha kiwango hakumzuii mtu kupata maji. Upendeleo ndio unaomzuia.

Napendekeza rangi ya tatu, njano, kwa visima vya kati ya 10 na 50: kunywa kama huna pengine, na kisima kirefu kijacho kichimbwe hapa kabla ya kwa mheshimiwa.

Nasi yanatuhusu. Kiwango cha Afrika Mashariki tayari ni 10, lakini kwenye ukanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, Geita ikiwemo, watafiti wamekuta visima vilivyozidi hapo.

Mlioko huko: kisima chenu kilipokabidhiwa, majibu ya aseniki yalisomwa mbele ya wanakijiji? Na mnaotetea 50, huyo anayekunywa maji yenye 40 aambiwe nini?