Mrejesho: Usukani wa Land Cruiser yangu umetulia

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini usukani wa Land Cruiser HZJ75 yangu ya mwaka 1992 ulitetemeka vibaya kila nilipopita shimo, na wengi wenu mlinishauri nianze na shokapu. Nilizibadilisha, lakini tatizo likabaki palepale. Fundi wangu wa Ilala aliinua eksili kwa jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa, nalo likacheza: beringi za kingipini (egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia) zilikuwa zimelegea, na bushi za shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasi) zimelika hadi chuma kinagusa chuma. Tulifunga beringi mpya na, kwa kuwa springi za mbele zilikuwa zimelala, nikaweka nyingine zinazoinua gari milimita 50, pamoja na yu-bolti mpya (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye eksili). Bolti za shakeli zilikazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, maana bushi za mpira zikikazwa gari likiwa juu ya jeki hujisokota na kuchanika mapema. Nilichokaribia kukisahau ni mipira ya kupitisha mafuta ya breki, ambayo sasa ilivutika mno eksili iliposhuka, ikabidi tuweke mirefu zaidi. Jana nilikwenda Bagamoyo na kurudi bila mtetemo, ingawa kwenye matuta gari limekuwa gumu kidogo. Yu-bolti nitazikaza tena baada ya kilomita 500.