Nyanya zimejaa majani bila matunda na kuku sita wamekufa: kosa ni mbolea, joto au dawa?

Muuliza swali, Kibaha

Ndugu wakulima na wafugaji, habari za kazi. Naomba ushauri kuhusu mambo mawili yaliyonipata kwa wakati mmoja, nami nimeshindwa kujua kama yana uhusiano au yamekutana tu. Nina kiwanja cha robo eka chenye udongo wa kichanga, na nyuma ya nyumba nina banda la kuku wa kienyeji ambao mwanzoni mwa mwezi huu wa Februari walikuwa 23. Katikati ya Desemba nilihamisha kutoka kitaluni miche 120 ya nyanya aina ya Money Maker. Kwa kuwa banda lilikuwa limejaa kinyesi kilichochanganyika na maranda, niliona ni ubadhirifu kununua mbolea ya dukani ilhali ninayo ya bure, basi nikakomba banda lote siku ileile, nikaweka koleo moja katika kila shimo, nikafukia kidogo na kupanda.

Ndani ya wiki moja miche 31 ilikauka, ikianzia kwenye kingo za majani kana kwamba imebabuliwa na moto. Iliyobaki ilistawi kupita matarajio, na sasa imenifika kifuani, ina mashina manene na majani ya kijani kilichokolea. Hata hivyo matunda yote niliyoyaona hayajazi kapu dogo. Maua yanatoka, lakini baada ya siku chache kikonyo kinageuka njano pale kwenye kifundo na ua linadondoka lenyewe. Zaidi ya hayo, wiki hii mimea mitatu imenyauka ghafla ikiwa bado ni ya kijani, nami nilikuwa nimeimwagilia jioni iliyotangulia.

Kuhusu kuku, sita wamekufa katika muda wa siku nane. Walikuwa wakizubaa wakiwa wameshusha mabawa, wakitoa mate na kuharisha kinyesi cha kijani, na mmoja alipinda shingo hadi akawa anazunguka palepale. Jirani yangu ameniambia kwamba nimewaua mwenyewe, kwa sababu nilinyunyizia nyanya dawa ya kuua kanitangaze (mdudu ambaye mabuu yake hushambulia nyanya) na kuku hupenya uzio kwenda kupekua chini ya mimea. Je, ni kweli? Na je, mayai tunayoendelea kuokota yanafaa kuliwa?

Mchangiaji wa kwanza, Ilula

Pole sana, ndugu yangu. Nitazungumzia nyanya peke yake, kwa kuwa ndizo zinazonilisha, na suala la kuku nawaachia wenye ujuzi nalo.

Miche yako 31 iliunguzwa na mbolea, na hapo sina shaka yoyote. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe, na kikiwa kibichi hutoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho unapofungua banda asubuhi. Mzizi mchanga ukikutana na koleo zima la kitu hicho ndani ya kichanga, ambacho hakina uwezo wa kushika na kupoza chochote, unaungua kabla haujaanza kunywa maji. Mimea iliyonusurika ilipata naitrojeni ya kupindukia, na mnyanya ulioshiba naitrojeni hauna haraka ya kuzaa, unajenga majani.

Msimu ujao kinyesi hicho kiozeshe kwanza. Panga tabaka la mabua ya mahindi au majani makavu, kisha tabaka jembamba la kinyesi cha bandani, unyunyize maji, urudie hivyo hadi rundo lifike kama mita 1 na nusu kwa upana na mita 1 kwenda juu, kisha ulifunike lisipigwe na jua wala mvua. Baada ya siku tatu chomeka kipande cha nondo hadi katikati ya rundo, ukiache dakika kumi, ukichomoe na kukishika kwenye ncha. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya ukiachie, rundo linafanya kazi. Kikiwa cha vuguvugu tu, ama limekauka ama mabua ni mengi kuliko kinyesi. Ligeuze kila baada ya wiki mbili, na usiwe na pupa, kwa maana miezi miwili ni michache na mitatu ni bora. Mboji iliyoiva inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, na huwezi kutambua tena kipi kilikuwa randa na kipi kinyesi. Hapo konzi mbili kwa shimo, zilizochanganywa vizuri na udongo, zinatosha; lile koleo lako liache liwe la kuchotea.

Mimea mitatu iliyonyauka ni habari nyingine, nayo inanitia wasiwasi kuliko hiyo iliyoungua. Kata shina la mmoja karibu na ardhi, chukua kipande cha urefu wa kidole, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa na utazame kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kunyunyizia. Ng'oa mimea hiyo pamoja na mizizi, uichome, wala usiitupe kwenye rundo la mboji. Katika eneo hilo usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, weka mahindi.

Mchangiaji wa pili, Mkuranga

Nakubaliana na ndugu wa Ilula kuhusu miche iliyoungua, lakini kuhusu maua yanayodondoka naona amesahau kwamba yeye analima kwenye baridi ya Iringa. Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, naye ni joto.

Mnyanya hufunga matunda vizuri pale usiku unapokuwa wa wastani. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 au 22, chavua hukosa nguvu, ua halichavushwi, na mmea hulitupa kwa namna ileile aliyoieleza muulizaji, yaani kikonyo kugeuka njano kwenye kifundo. Nyanya iliyopandwa Kibaha katikati ya Desemba inatoa maua Januari na Februari, wakati ambao hata binadamu halali bila kulowesha shuka. Mimi nilipoteza misimu miwili mfululizo nikibadilisha mbolea, nikibadilisha mbegu, hata nikimlaumu muuza mbegu, mpaka nilipobadilisha kalenda. Sasa nasia mbegu mwishoni mwa Aprili na kuhamisha miche mwishoni mwa Mei, masika yanapoelekea kuisha. Maua yanatoka Julai, ambapo usiku huku kwetu hushuka hadi chini ya nyuzi 20, na mimea ninayoitunza kwa mbolea ileile inazaa hadi vigingi vinainama. Bei ya wakati huo si nzuri kama ya masika, hilo nakiri, kwa sababu kila mtu ana nyanya. Lakini nyanya ya bei ndogo iliyomo kapuni naipenda kuliko ya bei kubwa iliyobaki kuwa ua.

Kwa mimea uliyo nayo sasa, usiongeze mbolea yoyote. Punguza machipukizi ya kwapani, weka matandazo ya nyasi kavu ili mizizi ipoe, na umwagilie asubuhi kwa kipimo kisichobadilika, kwani kichanga kikikauka leo na kufurika kesho, hata hayo matunda machache yataoza kitako. Kati ya saa tatu na saa nne asubuhi gonga taratibu vigingi vinavyoshikilia mimea, chavua ipate kudondoka. Huo si uchawi, ila usitarajie maajabu kabla hali ya hewa haijapoa.

Mchangiaji wa tatu, bwana mifugo mstaafu, Morogoro

Ndugu muulizaji, nakupa pole kwa kuku wako. Jirani yako amekutisha bila sababu ya kutosha, ingawa onyo lake lina maana kwa upande mwingine.

Sumu ya wadudu kwa kawaida hairandi bandani kwa siku nane. Kuku waliokula sumu ya kutosha kuwaua hutetemeka, hutokwa mate, hushindwa kusimama na hufa karibu kwa pamoja, mara nyingi siku ileile waliyoila. Wako wamekufa mmoja mmoja, wakiwa na mharo wa kijani, mabawa yameshuka na shingo imepinda. Siwezi kuthibitisha ugonjwa bila kuwaona, lakini dalili hizo zikiwa pamoja zinanielekeza kwenye kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kideri husababishwa na virusi, hakina tiba, na hizo dawa za unga zinazouzwa kwa jina la kutibu kideri hutuliza moyo wa mfugaji zaidi ya kumsaidia kuku. Watenge wanaozubaa, fukia mizoga kwenye shimo refu au uichome, na usiuze wala kugawa kuku hata mmoja kwa sasa, kwa sababu ndivyo ugonjwa unavyosafiri kutoka mtaa hadi mtaa.

Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo kipimo ni kilekile, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za kideri, lakini uvumilivu huo una mpaka, hivyo ibebe kwenye kitambaa chenye maji na usiiache juani. Unapochanja, mshike kuku ubavu, subiri tone lienee juu ya mboni ya jicho lake, na umwachie akishapepesa; akitikisa kichwa tone likaruka, rudia. Chanja walio wazima, kwa maana kuku aliyekwisha kuambukizwa haokolewi na chanjo, na ujue kwamba kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga.

Hapa ndipo nyanya na kuku wako wanapokutana kweli. Kinyesi kilichoko bandani sasa kinaweza kuwa na virusi hivyo, nawe kwa mazoea yako ungekipeleka bustanini kikiwa kibichi, na kuku wakakipekua tena. Rundo lililopata joto alilolieleza ndugu wa Ilula linaua virusi na pia vimelea vinavyoweza kumdhuru mlaji. Ndiyo maana kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, au siku 90 kwa lisilougusa. Nyanya inayotambaa chini ihesabu katika kundi la kwanza.

Kuhusu dawa, kuku wasiingie shambani mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo ya chupa upite. Siku walizopekua chini ya mimea iliyonyunyiziwa, mayai yao usiyale. Majani ya nyanya na matunda mabichi pia si chakula chao, ila nyanya mbivu iliyopasuka haina tabu.

Muuliza swali, Kibaha

Ahsanteni nyote. Nimefanya jaribio la glasi kwa mimea yote mitatu. Mmoja umetoa uzi mweupe kama nilivyoelezwa, miwili haikutoa kitu, lakini nilipoing'oa niliona mizizi ina vinundu vinundu kama shanga. Nimeichoma yote. Kuku mwingine amekufa jana, waliobaki ni 16 na wanakula vizuri. Nimepata chanjo kwenye duka la dawa za mifugo na nimewachanja leo asubuhi. Je, nyanya zikiisha naweza kuwafungulia shamba?

Mchangiaji wa kwanza, Ilula

Vinundu hivyo husababishwa na minyoo fundo, minyoo wadogo sana wa udongoni wanaopenda sana kichanga. Mboji iliyoiva huwapunguza, na mahindi hayatoshi peke yake. Changanya na mabangi-bangi, yaani maua ya marigold, kati ya mistari.

Ndiyo, wafungulie, ila ng'oa kwanza masalia yote ya mimea na uyachome, na uhakikishe muda wa dawa umepita. Buu wengi wa kanitangaze hushuka kwenye udongo kujigeuza, na hakuna palizi inayowafukua kama kucha za kuku. Waache wiki mbili. Kabla ya kupanda hayo mahindi warudishe ndani na uwapunguze manyoya ya bawa moja tu, kwa sababu ukipunguza yote mawili wataruka sawasawa na uzio wako hautawazuia.