Ushauri: Shujaa wa riwaya yangu aseme ukweli kabla ya ndoa, au anyamaze?

Karani wa Usiku
Wakuu, habari za saa hizi. Naandika riwaya, huu mwaka wa pili, nimekwama sura ya tisa na usingizi sipati. Kisa kinatokea Unguja ya miaka ya 1890, ila si ile ya vitabu vya shule. Kwangu mimi ile mashine ya hesabu ya Charles Babbage, aliyoieleza 1837 akafa 1871 hajaimaliza, imekamilika na kufungwa ndani ya Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani. Inasoma kadi zilizotobolewa matundu, kama za vitanda vya kufumia vitambaa vya Ufaransa. Kila mtu mjini ana kadi: baba nani, babu nani, apande lifti au apite ngazi ya nyuma. Binti wa mchota maji anajitobolea kadi ya bandia, anapanda merikebu ya angani hadi London, anachumbiwa na mtoto wa bwana mkubwa. Aseme, asiseme? Nawasilisha.

Mzee wa Fitna
Kwani ukiandika mkulima wa korosho utapungukiwa nini?

Bint Forodhani
Wazo tamu, ila mavazi umeyaruka. Hapo mjini daraja la mtu lilisomwa mwilini kabla hajafungua mdomo. Mtumwa alivaa kaniki au merikani, vitambaa vya bei ya chini, na mwanamume mtumwa hakufunika kichwa mbele ya bwana wake. Utumwa ulipopigwa marufuku 1897 watu wakajitwalia kofia, wanawake wakazikimbilia kanga, tena doti iliyoingia juzi, maana ya zamani ilikuwa inakuumbua. Bibi yangu alikuwa na shoga yake aliyeazima doti ya kuendea arusi. Mwenye doti naye akawa amealikwa. Wali wa arusi ile haukulika! Miaka arobaini hawakusalimiana, hadi mmoja akazikwa.

Mzee wa Fitna
Aliyezikwa ni wa doti au wa kuazima?

Msafiri Bila Mzigo
Kupanda daraja kwa uongo mbona ndiyo historia yenyewe. Stanley, huyu aliyeondokea Unguja 1871 kumtafuta Livingstone, alizaliwa Wales 1841 akiitwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa nyumba ya maskini. Akavuka bahari, akachukua jina la mfanyabiashara wa New Orleans, akajiita Mmarekani. Mwaka 1899 akawa Sir. Asingedanganya angekufa hajulikani. Binti anyamaze.

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
Ndugu yangu, kujinasibisha na asiyekuzaa ni dhambi kubwa, hata kwenye hadithi za kubuni unafundisha watoto nini?

Mama Pacha
Mimi swali langu dogo tu. Riwaya haimnyimi mtu usingizi hivi. Wewe babu yako alikuwa nani?

Karani wa Usiku
Mama Pacha, tubaki kwenye mada.

Mama Pacha
Ndiyo mada hiyo.

Karani wa Usiku
Sawa. Nina mchumba, kwao ni Mji Mkongwe, watu wa majina. Siku ya posa wazee wao waliuliza asili yetu. Mshenga alinitazama, nikasema babu mzaa babu alikuwa karani wa telegrafu, wakati waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Aden mwaka 1879. Ukweli ni kwamba alikuwa hamali bandarini. Lakini jamani, makasha ya mitambo ile yalibebwa na nani kama si mahamali? Kwa hiyo alifanya kazi ya telegrafu, kwa namna yake.

Mzee wa Fitna
Kwa mgongo wake.

Msafiri Bila Mzigo
Nafuta ushauri wangu wa Stanley.

Mama Pacha
Bado hujasema yote. Kumwambia binti wa watu ukweli ni dakika tano. Kinachokuzuia ni nini?

Karani wa Usiku
Kadi za harusi zimeshachapwa. Mia tatu. Jina la ukoo niliongeza moja hapo katikati, la ubini wa heshima kidogo. Zimeshaanza kugawiwa na michango imeingia. Na kusema kweli simuibii mtu, nampenda, kazi ninayo, mahari nimetoa kamili. Jina linamuumiza nani?

Ustadhi wa Mtaa wa Pili
La haula.

Bint Forodhani
Hamali ana aibu gani? Mji huo wote umepita mabegani mwao. Wakwe wa kweli wangekupa biriani.

Kipanga
Nyie watu mna huruma. Hii ni chai, tena ya rangi, imeungwa tangawizi. Someni upya: kwenye riwaya binti ana kadi ya bandia, kwenye maisha yake jamaa ana kadi ya bandia. Mzazi wa binti mchota maji, babu yake jamaa hamali. Bahati gani hiyo? Halafu nimepekua nyuzi zake, mwezi uliopita alikuwa anauliza wachapishaji wanataka kurasa ngapi, akaandika kwamba hana mke wala mchumba. Tunaandikiwa sura ya tisa bure.

Karani wa Usiku
Akaunti hii natumia na mdogo wangu.

Kipanga
Hahaha, na mdogo wako naye anaandika riwaya?

Msafiri Bila Mzigo
Narudisha ushauri wa Stanley.

Mama Pacha
Tupia picha ya kadi moja, majina uyafunike.

Karani wa Usiku
Nitatupia. Sasa hivi mama mkwe anapiga, amesema ana shangazi yake mzee sana anayekumbuka majina ya makarani wote wa zamani, anataka kunisikia. Narudi.

Mzee wa Fitna
Nimekaa siti ya dirishani. Vitumbua nimeleta, chai unayo wewe.