Mrejesho: ile ratiba yangu ya kupika ya mwezi mzima

Habari zenu wapendwa, niliuliza humu kama nyama kilo 8 na maharage ya kuchemsha nikigandisha kwenye friza vitanifikisha mwisho wa mwezi. Basi nilifanya, ratiba nikabandika kabisa ukutani. Ijumaa tukaitwa msibani Morogoro, kumbe uniti za umeme wa LUKU (ule wa kulipia kabla) zilibaki 3 tu na sikuangalia. Jumapili usiku tunafungua mlango harufu hiyo, maji mekundu mpaka sebuleni, nyama yote tukaifukia. Nililia jamani. Mama mkwe hakunisema hata neno, alichukua ndoo tukadeki wote mpaka saa saba usiku. Dada uliyeniambia humu nianze na ratiba ya wiki moja, nilikupuuza, naomba unisamehe. Sasa hivi nanunua kilo 2 tu.