Kombe la FA lilishawahi kutoka England?

Wadau, jana kijiweni Ngamiani tumebishana mpaka kahawa imepoa, jamaa anadai kombe la FA lilishabebwa na timu ya Wales. Kweli au kamba?

— Kweli mkuu. 23 Aprili 1927 Wembley, Cardiff City 1 Arsenal 0. Hughie Ferguson kapiga kashuti ka kawaida tu dk ya 74, kipa wa Arsenal Dan Lewis kaudaka mpira ukamponyoka, kuuwahi akausukumia mwenyewe nyavuni. Na Lewis mwenyewe mtu wa Wales!

— 😂 Angekuwa uwanja wa Mkwakwani, Tanga, asingetoka. Eti wakasingizia jezi mpya inateleza, hapo sijashawishika.

— Halafu ndo fainali ya kwanza ya FA kutangazwa redioni na BBC. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya nje ya England iliyolibeba, mwambie jamaa adai kahawa yake.