Je, ziwa laweza kuwa mali ya mtu? Swali kutoka Naivasha

MkaaziWaZiwani

Wanajukwaa, naomba mnisaidie kulielewa jambo hili kwa upande wa sheria na wa uchumi. Ziwa Naivasha ni miongoni mwa maziwa machache ya Bonde la Ufa yenye maji yasiyo na chumvi, na kwa muda mrefu kingo zake zimejaa mashamba ya maua, hoteli na makazi ya wenye uwezo, hata msafiri anayelizunguka kwa barabara huona nyua nyingi kuliko maji. Mfugaji anayetaka kunywesha ng'ombe hutegemea vijia vichache vilivyosalia, na wavuvi hutegemea fuo za umma kama vile Kamere na Karagita. Wakati huohuo, mitaani wanakoishi vibarua wa mashamba hayo, maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wachuuzi wenye mikokoteni ya punda, kwa kuwa maji ya visima vingi vya huku yana floridi nyingi, kama meno ya watoto wetu yanavyoonyesha.

Ninauliza: je, sheria inamruhusu mtu binafsi kumiliki ziwa? Na kama maji ni ya wananchi wote, ni kwa haki gani mmoja huyachota kwa pampu huku mwingine akiyanunua kwa mtungi?

WakiliWaBondeni

Ndugu Mkaazi, jibu la swali lako la kwanza ni fupi: hairuhusu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba kila rasilimali ya maji iko mikononi mwa serikali ya kitaifa kama amana ya wananchi wa Kenya. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2009, imeyaweka maji yote chini ya Rais kama mdhamini wa raia.

Hata hivyo, umiliki wa ziwa ni jambo moja na faida ya ziwa ni jambo jingine. Mwenye hati ya shamba linalopakana na ziwa hana tone analoweza kuliita lake, lakini ana lango, na anayetaka kufika majini ni lazima apite kwake au azunguke. Akiongeza juu yake kibali cha kutumia maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, amepata karibu kila kitu ambacho mmiliki angetaka, bila kubeba mzigo wa kuwa mmiliki. Isisahaulike pia kwamba katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakabidhi wenye mashamba ya kandokando usimamizi wa ardhi ile inayoachwa wazi ziwa linapopungua, na mazoea ya namna hiyo hayafutiki kwa sababu tu katiba imebadilika. Ziwa lenyewe halina habari na mipaka hiyo; mwaka 2020 lilipofurika liliingia mashambani na majumbani, na wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama.

MsomajiWaMbali

Naishi katika jimbo la Michigan nchini Marekani, na huku mjadala huu ulishika moto mwaka 1998, jimbo la Ontario nchini Kanada lilipoipa kampuni moja kibali cha kuchukua hadi lita milioni 600 kwa mwaka kutoka Ziwa Superior, mojawapo ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ili zipelekwe Asia kwa meli. Kwa ziwa lenye ukubwa ule, kiasi hicho si kitu. Watu wa pande zote mbili za mpaka walipiga kelele hata hivyo, kwa hofu kwamba maji yakishauzwa mara moja kama bidhaa ya kupeleka ng'ambo itakuwa vigumu kumkatalia mnunuzi wa pili, na kibali kikaondolewa.

Hatimaye majimbo 8 ya Marekani yanayozunguka Maziwa Makuu hayo yaliingia mkataba ulioanza kutumika mwaka 2008, unaozuia maji kuhamishwa nje ya bonde la maziwa hayo, yaani eneo ambalo maji yake hutiririkia humo, isipokuwa kwa masharti makali. Mji wa Waukesha, ambao uko katika wilaya iliyokatwa na mpaka wa bonde, ulilazimika kuomba idhini na kuahidi kurudisha maji ziwani baada ya kuyasafisha. Lakini humohumo mkataba umeacha mlango: maji yakitiwa katika chombo cha chini ya galoni 5.7, yaani kama lita 21, hayahesabiwi kuwa yamehamishwa, na kila jimbo hujiamulia. Kwa maneno mengine, bomba limekatazwa na chupa imeruhusiwa. Mwaka 2018 jimbo letu liliiruhusu Nestlé, kampuni iliyokuwa ikiuza maji ya chupa, kuvuta galoni 400 kwa dakika kutoka kisima karibu na mji wa Evart, na malipo yake kwa serikali yalikuwa ada ya dola 200 kwa mwaka. Wakati huo wakazi wa Flint, katika jimbo hilihili, walikuwa wakinywa maji ya chupa kwa kuogopa madini ya risasi yaliyokuwa yameingia katika mabomba yao.

FundiMabomba

Nimefanya kazi ya kusambaza maji, na ninaomba tusichanganye mambo. Kuyatibu maji, kuyasukuma kwa umeme na kuziba mabomba yanayovuja kunagharimu fedha, na asiyelipa bili leo anamwandalia kazi mwenye punda kesho. Bei ya huduma, inayodhibitiwa, haina ubaya. Ninachopinga mimi ni bei ndogo mno ya maji ghafi kwa mtumiaji mkubwa.

Tufanye hesabu. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka ada ya senti 50 hadi 75 kwa mita ya ujazo kwa maji ya umwagiliaji. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Tuseme mtungi unauzwa shilingi 10: kibarua atakuwa amelipa shilingi 500 kwa kiasi kile ambacho shamba lililipia chini ya shilingi moja. Najua maji ya mtungi yamesafishwa na kubebwa na yale ya shambani ni ghafi, na shamba hugharimia pampu zake lenyewe. Lakini hata ukiondoa gharama hizo zote, pengo linalobaki haliwezi kuitwa uchukuzi.

Chile ilifika mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1981 iliitenga haki ya maji na ardhi, ikaigawa bure na bila ukomo, kisha ikaruhusu iuzwe kama nyumba. Matokeo yake yalionekana Petorca, ambako mashamba ya maparachichi yalistawi huku vijiji vikiletewa maji kwa maboza. Marekebisho ya mwaka 2022 yametanguliza matumizi ya nyumbani na kuweka ukomo wa miaka 30 kwa haki mpya, ila wenye haki za zamani kwa sehemu kubwa wamebaki nazo.

MkaaziWaZiwani

Nawashukuru. Sasa naona nilikuwa nikiuliza habari za hati wakati jambo lenyewe liko katika vibali. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kujua nani ana kibali, cha kiasi gani, na kinaisha lini?

WakiliWaBondeni

Anaweza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua kwa ofisi ya Mamlaka iliyoko Naivasha, na nakala uipeleke ofisi ya bonde, Nakuru. Usiulize kwa ujumla. Taja sehemu ya ufuo unayoitaka, kisha uombe kiasi kilichoidhinishwa na pia usomaji wa mita wa mwaka uliopita, kwa kuwa kiasi cha kwenye kibali na kile kinachovutwa kwa kweli si lazima vilingane.

FundiMabomba

Omba pia tarehe ambayo mita hizo zilikaguliwa mara ya mwisho.