Mama kansa hatua ya nne, namjibuje?

Wadau nipo Ngamiani, Tanga. Kansa ya mlango wa kizazi imeshafika kwenye ini, tumetoka Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, juzi, daktari kasema miezi hawezi kutaja, sasa mama ananiuliza mimi kama Ramadhani ijayo atafunga.

Mtu wa Chumbageni: Pole sana ndugu. Usimdanganye bi mkubwa, kwanza muulize anataka kujua kiasi gani. Mzee wangu miezi hakuitaka kabisa, yeye alitaka kujua tu usiku ataumwa au la.

Bimkora: Ulizieni tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, watu wanaiogopa bure. Ila inafunga choo, ombeni na dawa yake.

Mtoa mada: Ahsanteni. Leo kaomba mkate wa kumimina, kala vipande viwili 😊